Karatasi Aliyoichagua Mama Mkwe

Kama wiki iliyopita hukunisoma, hukukosa raha yoyote. Niliishia pale ambapo shemeji yangu Pil-ho, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alinifukuza kwenye tambiko la kumkumbuka mume huyo huyo. Alinifukuza mbele ya ukoo mzima, sahani za matunda zikiwa bado mezani. Aliniita nuksi.

Kisa chake anakijua kila mtu hapa Mokpo. Mimi ni mwenye studio ya picha karibu na hospitali, na kazi yangu kubwa ni picha za misiba. Siku moja nilitaka sampuli ya kuweka dirishani. Ni nani angekubali sura yake itundikwe kwenye fremu nyeusi yenye utepe wa msiba, naye bado anapumua? Alikubali mume wangu, Chun-bae. Alijitazama pale dirishani akacheka, akasema kumbe anapendeza akiwa marehemu. Baada ya miezi michache lori likamgonga kwenye barabara ya Naju.

Tangu hapo, kwa Pil-ho, aliyemuua Chun-bae si lori.

Katika ukoo ule nilibakiwa na mtetezi mmoja tu, mama mkwe. Siku ile ya tambiko aligonga meza kwa kijiko hadi supu ikamwagika, akasema, "Huyu haendi popote." Mkono wake ulikuwa umeshakonda kwa maradhi. Basi nikabaki.

Jumanne, mtetezi wangu akafariki.

Lakini usilie bado. Nikurudishe kwanza mwezi wa nne, maana bila habari ya karatasi hutaelewa nilivyoumia.

Mwezi ule mama alitoka hospitali kwa ruhusa ya nusu siku, akaja studio amevaa hanbok, vazi letu la jadi, yake ya kijani kibichi. Alikuja kupiga picha ya msiba wake mwenyewe. Sisi wazee wetu hufanya hivyo wangali hai, na picha yenyewe tunaiita ya maisha marefu, kwa kuwa husemwa anayeipiga mapema huongezewa siku.

"Mama, kaa wima kidogo," nikamwambia.

"Nikikaa wima zaidi nitavunjika. Wewe piga."

Nikapiga. Ikatoka picha ambayo sijapata kupiga nyingine kama hiyo. Alikuwa hacheki wala hakununa. Alikuwa ananitazama, basi.

Kisha nikamtandikia karatasi mezani achague. Akazishika moja moja kwa kidole gumba, kama mtu anayenunua kitambaa cha shuka.

"Hii ya kung'aa vipi?"

"Hiyo ndiyo wengi wanayoipenda, mama. Rangi zinachomoza, hata nguo ya zamani inaonekana mpya."

Akaiinua kuelekea kwenye mwanga. "Naona dirisha. Naona na pua yako. Mimi nitakaa wapi humu?"

"Ni kweli, chini ya taa inarudisha mwanga."

"Na msibani kuna taa na mishumaa. Watu waje kuniaga, waishie kutengeneza nywele zao? Toa hiyo."

Nikampa ya nusu mng'ao. Akaigeuza mara moja, akairudisha. "Hii haijaamua."

Ya tatu ilikuwa ya pamba, nene, isiyong'aa hata kidogo, yenye vijipele ukiipapasa. Akaiweka shavuni na kufumba macho.

"Hii imefanana na mimi. Kavu, haina makuu."

"Mama, hiyo ni karatasi ya maonyesho. Msibani haitumiki."

"Basi na mimi niwe maonyesho, siku yangu moja."

Ya ukubwa ule nilikuwa nayo moja tu. Nikamwambia niichape siku hiyo hiyo, ikauke vizuri, niitie kwenye fremu na kuihifadhi. Akanidaka mkono.

"Usithubutu. Ulishamweka mmoja kwenye fremu akiwa hai."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Naye akaona.

"Sikulaumu, mwanangu. Naogopa tu. Subiri nife ndipo unichape. Na uchape wewe, asichape mwingine. Atakayetengeneza picha yangu ndiye mtoto wangu."

Maneno hayo nililala nayo na kuamka nayo. Mtu asiye na mume, asiye na mtoto, ambaye ukoo unamtazama kama doa kwenye shuka, akiambiwa hivyo hasahau. Karatasi nikaifunga kwenye plastiki, nikaiweka juu ya kabati isipate unyevu.

Sasa turudi Jumanne.

Mvua za kiangazi, ambazo kwetu ndizo kubwa, zilikuwa zinamwagika kama mtu kaacha bomba wazi. Nilishuka kwenye ukumbi wa misiba, chini ya jengo la hospitali, nikiwa nimelowa hadi magotini. Mlangoni, kama ilivyo kawaida, skrini ilikuwa imeandikwa jina la marehemu na chini yake majina ya wafiwa.

Nikasoma kutoka juu kwenda chini. Nikasoma tena kutoka chini kwenda juu.

Pil-ho akatoka, koti jeusi la suti linambana, utepe wa mfiwa mkuu mkononi.

"Shemeji," nikamwambia, "jina langu halipo."

"Skrini ndogo."

"Mume wa wifi Ok-rye yumo, na hawaishi pamoja mwaka wa tatu huu!"

"Usinipigie kelele kwenye msiba wa mama yangu."

"Ni mama yangu pia."

Akanitazama kama anayehesabu hadi kumi. Nyuma yake niliiona madhabahu: maua meupe yamepangwa vizuri, mishumaa imewashwa, na katikati fremu tupu.

"Sikiliza," akasema. "Mama alisema picha utengeneze wewe, na mimi sitaki kusemwa na watu. Ilete kabla wageni wa mchana hawajaingia. Ukiwahi, utavaa nguo ya msiba, utasimama kwenye mstari na sisi, na jina nitaliongeza. Ukichelewa, nawapa picha ya kitambulisho chake waikuze. Wewe utakaa kule mezani unywe supu na wageni."

Kwenye picha ile ya kitambulisho mama alionekana kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Nikatoka mbio.

Nilifika studio, nikafungua mlango. Nikawasha mashine, nikamwita mama kwenye kompyuta. Akatokea, ananitazama vile vile kama mwezi wa nne. Hapo ndipo nikalia. Sikuwa nimelia hospitali, wala njiani. Nililia hadi nikakosa pa kushika.

Msomaji wangu, karatasi ya pamba ina upande mmoja tu uliopakwa dawa ya kushika wino. Kwa macho, pande zote mbili ni nyeupe, pande zote mbili hazing'ai. Namna ya kuujua upande sahihi ni kubana pembe kwa vidole vyenye unyevu kidogo. Upande wenye dawa unanata. Kazi hiyo nimeifanya tangu nikiwa msichana, hata nikiwa nasinzia siwezi kuikosea.

Nikabana pembe. Pande zote zikanata. Vidole vyangu vilikuwa vimelowa machozi, lakini hilo nilikuja kulifikiria baadaye. Nikachagua upande, nikaitia kwenye mashine.

Mama akaanza kutoka, nywele kwanza. Nilipoona paji la uso nikajua. Wino ulikuwa unazama kama maji kwenye mchanga, rangi zimekufa, nyusi zimetapakaa. Yalipofika macho, hayakuwa macho tena.

Nikaichomoa, nikaigeuza, nikairudisha kwa upande wa haki. Ilishapinda kwa kulowa. Mashine ikaikwaruza, ikanitolea mama mwenye mstari mweusi kutoka jichoni hadi kidevuni.

Hiyo ndiyo ilikuwa karatasi yenyewe aliyoiweka shavuni. Nilikaa nayo sakafuni.

Simu ikalia.

"Uko wapi? Watu wanainamia maua!" Alikuwa Pil-ho. "Profesa mzima kapiga magoti mbele ya fremu tupu, kainuka kaniuliza marehemu ni nani!"

"Shemeji, karatasi imeharibika. Nipe muda niende mjini nikatafute nyingine."

"Kwani wewe unachapa picha au unapika? Nakuja."

Akaja. Aliingia na viatu vyake vya tope, akaona pakiti juu ya rafu.

"Na hizi?"

"Hizo ni za kung'aa. Mama alizikataa."

"Mama amekufa. Hii ndiyo karatasi ya watu wenye heshima zao. Tia."

Ningeweza kusema hapana. Nimeiwaza hapana hiyo kila usiku tangu siku ile. Lakini niliifikiria ile skrini mlangoni, nikaufikiria mstari wa wafiwa na mahali pangu mwishoni mwa mstari. Nikatia.

Ikatoka nzuri, nisiseme uongo. Hanbok ilimeta kama ya bibi harusi. Pil-ho akaguna, na kwake kuguna ni sifa.

"Sasa inatakiwa ilale hadi kesho," nikamwambia. "Wino bado unatoa mvuke. Na lazima nikate kadibodi ya kuitenga na kioo."

"Wanaolala ni maiti. Funga fremu, gari linanisubiri."

Nikafunga. Picha mbichi, kioo juu yake, bila kitu katikati.

Ukumbini, wifi yangu Ok-rye alinivalisha nguo nyeusi ya msiba. Akanibania nywele na kunichomeka kibanio chenye utepe mweupe, alama ya mwanamke mfiwa. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na hakuniangalia usoni. Nilidhani ni huzuni.

Nikasimama mwisho wa mstari.

Sitakuficha, nilifurahi. Mama amelala kwenye jokofu vyumba viwili kutoka pale, na mimi nafurahi kwa kuwa watu wanainama mbele yangu wakisema pole mkwe, pole sana. Mmoja alinishika mikono yote miwili. Kwa muda ule mfupi nilikuwa mtu wa nyumba fulani.

Kisha akaja bibi mmoja wa sokoni aliyevaa lulu. Akachoma ubani, akainama, akainuka. Akaitazama picha, akasogea karibu, akarudisha unywele wake nyuma ya sikio. Alikuwa anajitazama kwenye kioo cha mama.

Nilitamani sakafu ipasuke.

Na hilo bado lilikuwa dogo. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza baridi moja kwa moja kwenye madhabahu, mishumaa inachoma chini yake, na mimi naijua kazi yangu. Nikaiona kabla ya wengine. Doa dogo la ukungu, ndani ya kioo, karibu na mdomo.

Likakua.

"Jamani!" yule bibi wa lulu akapiga kelele. "Anapumua! Mama Pil-ho anapumua!"

Vijiko vikanyamaza mezani. Watu wakainuka na bakuli zao za supu mikononi.

"Hapumui, analia. Tazama macho."

"Ana hasira huyo. Kuna mtu hapa hamtaki."

"Ni mvuke wa wino," nikasema. "Jamani, ni mvuke tu, picha haijakauka."

Nani anasikiliza wino mbele ya mzimu? Ukungu ulishamfunika mama hadi kwenye nyusi. Shemeji Pil-ho akapanda kwenye madhabahu, akaibeba fremu, akakifuta kioo kwa mkono wa suti. Ukungu haukufutika, maana ulikuwa ndani.

"Usifungue!" nikamwambia. "Shemeji, nakuomba, usiifungue, itakuwa imeganda!"

Akafungua. Akashika pembe ya picha, akavuta.

Ilitoa sauti ya plasta inayobanduliwa kwenye kidonda. Karatasi ikaja mkononi mwake na hanbok nzima ya kijani, mabega, shingo. Juu ya shingo palikuwa peupe. Uso wa mama ulibaki umeganda kwenye kioo, vipande vipande, jicho moja limefunguka.

Ok-rye akaanza kulia kwa sauti nyembamba.

Pil-ho hakunipigia kelele, na ningeshukuru angepiga. Alishuka taratibu, akanijia mwisho wa mstari, akasimama.

"Wa pili huyu," akasema.

Akanyoosha mkono, akachomoa kile kibanio chenye utepe mweupe kichwani mwangu. Nywele zikanimwagikia usoni, na mlango alinionyesha kwa kidevu tu.

Nguo ya msiba niliivulia chooni. Nilipita mbele ya skrini nikitoka. Nilikuwa nimeapa sitaitazama, nikaitazama. Jina halikuwa limeongezwa.

Kuna watu wangeishia hapo. Mimi kesho yake Jumatano niliamka, nikapanda basi hadi ng'ambo ya bandari kwa mzee mmoja anayeuza vifaa vya picha, nikanunua karatasi ya pamba. Sikwenda kutafuta mahali kwenye mstari. Mstari ulishanipita. Nilitaka mama aondoke na sura yake, kwenye karatasi aliyoichagua, basi. Alhamisi asubuhi jeneza lingetoka, na kwetu picha ndiyo hutangulia, jeneza hufuata nyuma. Nikichapa mchana ule ingekauka vizuri hadi asubuhi. Ningeiacha kwa mlinzi wa ukumbi, nijiendee zangu.

Nilinawa mikono, nikaikausha. Safari hii nilijaribu pembe kwa mdomo, mara mbili. Nikaitia karatasi kwenye mashine kwa upande wake. Mama alikuwa kwenye kompyuta, ananitazama.

Mlango ukafunguka. Ok-rye, maji yanamchuruzika, bado kavaa nguo nyeusi ya msiba.

"Wifi," akasema, "tumekwisha. Ile picha ya kitambulisho wameikuza, imekuwa madoa matupu. Mjomba amesema dada yake hatoki mlangoni akiongozwa na madoa. Amekaa chini mbele ya jeneza, hataki liguswe."

"Nani amekutuma?"

"Kaka. Ameshindwa kuja mwenyewe."

"Ana aibu?"

"Hana. Ana kiburi. Wifi, tafadhali."

Nikageuza kompyuta aione. Akajifunika mdomo.

"Nilikuwa naanza," nikamwambia. "Karatasi iko ndani tayari. Ndiyo ile aliyoitaka mwenyewe."

Ok-rye akakaa kwenye kiti cha wateja akalia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alinishika mkono, akasema Mungu anilipe, akasema yeye siku zote alijua mimi si mtu mbaya. Nikaona nami niseme langu.

"Sitakuja kusimama. Hata nguo siitaki. Mwambie kaka yako aandike jina langu tu, pale mlangoni, chini kabisa. Watu wakipita walione. Hilo tu."

Akauachia mkono wangu.

"Ok-rye?"

"Chapa kwanza, wifi."

"Nachapa. Jina je?"

Akawa anatazama viatu vyake. "Si kaka."

"Si kaka nini?"

"Si kaka aliyekataa jina lako." Sauti ilikuwa imeshuka hadi nikainama kumsikia. "Jana aliniagiza nikuvalishe ile nguo kwa sababu ya picha tu, na nilimwambia tutapata laana. Ni mama. Jumapili hospitalini, tukiwa tumemzunguka wote. Alisema jina lako, Gye-hwa, lisiandikwe. Na nguo ya msiba wake usivae."

Nilicheka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi.

"Mama aliniambia mimi ni mtoto wake. Kwenye kiti hicho hicho ulichokalia."

"Najua. Alitusimulia."

"Sasa? Nilimkosea nini?"

"Hukumkosea."

"Kama sikumkosea, kwa nini?"

Ok-rye akatikisa kichwa. Akaanza kuzungusha ule utepe mweupe kwenye nywele zake, akauzungusha hadi ukachomoka.

"Siwezi kukwambia, wifi. Kaka ametukataza. Amesema ukijua sababu, picha hutachapa."

Mama alikuwa ananitazama kwenye kompyuta. Hakucheka wala hakununa. Taa ya kijani ya mashine ilikuwa inawaka, karatasi yake imetulia ndani, upande wake wa haki juu, inangoja kidole changu kimoja.

Nikanyoosha mkono, nikazima mashine.

"Haya," nikamwambia Ok-rye. "Nimeshakataa kuchapa. Sasa niambie."